Mtafiti wa mila za watu aitwe nani? Jibu kwa mfasiri wa Mbeya

Kijana mmoja wa Mbeya, anayejipatia riziki kwa kazi ya kufasiri, ameniandikia hivi:

"Shikamoo mwalimu. Nimepewa barua niifasiri. Inakwenda kwa mtendaji wa kijiji kimoja wilayani Rungwe kuwatambulisha watafiti watatu. Mmoja atakaa kijijini miezi 10 akijifunza desturi za msiba. Wa pili atapita nyumba kwa nyumba na maswali kuhusu kipato na familia. Wa tatu atachimba kutafuta vigae vya vyungu vya kale. Katika Kiingereza kila mmoja ana jina lake la fani. Mimi niliwaita wote wanajamii, nikaona inatosha. Mwenyekiti wa kijiji aliposomewa rasimu akauliza, 'Wanajamii wa wapi hawa?' Nilikosa jibu. Niwaite nani?"

Marahaba, mwanangu. Swali la mwenyekiti ndilo swali lenyewe, na nakushukuru kwa kulileta kama alivyolisema badala ya kulisafisha. Yeye amelisikia neno lako kama Mswahili yeyote anavyolisikia. Mwanajamii ni mtu wa jamii fulani, aliyezaliwa humo au anayeishi humo. Kwa hiyo ukimwambia kwamba wanakuja wanajamii watatu, lazima aulize wametoka jamii ipi. Wanajamii ni yeye mwenyewe, mkewe, wazee wa ukoo na vijana wa bodaboda pale njia panda. Wewe umelichukua jina la wanaotafitiwa ukawavika watafiti.

Kosa hili halikuanza na wewe. Nimelikuta kwenye tafsiri za ripoti, kwenye habari za redio, hata kwenye mabango ya mikutano. Chanzo chake ni hiki kiambishi chetu cha mwana-, ambacho kina kazi mbili zisizofanana. Kazi ya kwanza na ya zamani zaidi ni kumweka mtu mahali pake: mwananchi ni mwana wa nchi, mwanakijiji ni wa kijiji, na mwanachama, mwanafamilia na mwanajumuiya ni hivyo hivyo. Anayeitwa hivyo ni mmoja wa hao. Kazi ya pili ni kumtaja mtu kwa shughuli yake au elimu yake: mwanasheria, mwanasayansi, mwanahistoria, mwanafalsafa, mwanaisimu. Huyu hazaliwi ndani ya jambo hilo. Amelisomea, au ndilo linalompa ugali.

Tatizo linazuka pale neno linalofuata mwana- linapokuwa kitu ambacho watu wanaishi ndani yake au wanakitenda kila siku. Mwanasiasa ni mtu anayefanya siasa, anayegombea na kuhutubia. Profesa anayechambua chaguzi haitwi mwanasiasa, na akiitwa hivyo atakasirika, maana ni mtaalamu wa sayansi ya siasa. Mwanamuziki anapiga gitaa au anaimba, na anayeandika tasnifu kuhusu taarabu ni mtafiti wa muziki. Jamii nayo iko hivyo hivyo. Haiwezi kubeba maana ya fani peke yake, kwa sababu imejaa watu tayari.

Ndiyo maana mimi, ambaye kwa kawaida napenda maneno ya nyumbani, hapa nasimama upande wa maneno ya kukopa. Mkia wa -lojia tumeuzoea tangu shuleni: biolojia, jiolojia, saikolojia, teknolojia. Masikio yetu yamekwisha kujua kwamba kinachoishia hivyo ni elimu ya kitu. Ukisema mwanasosholojia, yaani msomi wa elimu ya jamii, hakuna atakayeuliza ni wa sosholojia ya wapi. Kuna wanaoandika sosiolojia, na sina ugomvi nao. Chagua tahajia moja uishike mpaka mwisho wa barua. Wapo pia wanaosema elimujamii na mwanaelimujamii. Neno hilo ni zuri, nami hulitumia ninapowaandikia walimu, kwa kuwa sehemu ya elimu inaziba ule mwanya niliousema. Liangalie tu lisichanganyike na maarifa ya jamii, ambalo kwa miaka mingi limekuwa somo la shule ya msingi, wala na ustawi wa jamii na maendeleo ya jamii, ambazo ni idara za serikali. Mwanakijiji akisikia "mtu wa jamii" kwenye barua yenye mhuri, atadhani amekuja afisa ustawi kuulizia mtoto aliyetelekezwa, au afisa maendeleo mwenye habari za mikopo ya vikundi. Na mwenye "utamaduni" katika cheo chake ni afisa utamaduni wa wilaya, ambaye kazi yake ni kusimamia ngoma, sanaa na maadhimisho.

Sasa tuje kwa watu wako watatu. Wa pili, mwenye dodoso la nyumba kwa nyumba, ni mwanasosholojia. Wa tatu, mwenye sururu na brashi, ni mwanaakiolojia. Hawa wawili hawanipi shida. Wa kwanza, atakayekaa miezi 10 kwenye misiba yenu, ni mwanaanthropolojia, na huyu anahitaji maelezo marefu zaidi.

Neno limejengwa kwa Kigiriki: anthropos ni mtu, na logos ni neno au elimu. Usidhani kwamba sehemu hiyo ya kwanza ni ngeni kabisa masikioni mwa Mtanzania. Kila aliyepita darasa la historia anamkumbuka Zinjanthropus, jina lililopewa fuvu alilolipata Mary Leakey kule Olduvai tarehe 17 Julai 1959. Zinji ni jina la kale ambalo Waarabu waliipa pwani yetu na watu wake, na ndilo limo ndani ya jina Zanzibar. Ukiliunganisha na anthropos, unapata mtu wa Zinji. Wanasayansi baadaye walimhamishia katika kundi jingine na kumbadilisha jina, lakini vitabuni kwetu amebaki na lile la kwanza. Kwa hiyo ukibanwa kueleza anthropolojia ni nini, anzia hapo. Ni elimu ya mtu, kuanzia mifupa ya mababu wa kale kabisa hadi namna watu wa leo wanavyooana, wanavyozikana, wanavyogawana urithi na wanavyosalimiana. Kule Marekani vyuo vingi vinaviweka chini ya anthropolojia miili ya watu, mabaki ya kale, lugha na utamaduni, vyote pamoja. Uingereza wamezoea kusisitiza upande wa jamii. Ndiyo maana wakati mwingine utahitaji kuongeza neno: mwanaanthropolojia wa utamaduni, au mwanaanthropolojia jamii. Kwa barua yako, hilo la kwanza linafaa.

Utakutana pia na ethnografia na ethnolojia. Ethnos ni watu, taifa au kabila; graphein ni kuandika. Ethnografia ni ile kazi ya kukaa na watu na kuandika maisha yao kwa undani, na pia ni andiko linalotokana na kazi hiyo. Ethnolojia ni kulinganisha watu wa huku na wa kule. Kwa Kiswahili sioni haja ya kumwita mtu mwanaethnografia isipokuwa matini yenyewe inamtofautisha waziwazi na wengine. Mara nyingi "mtafiti wa kiethnografia" au "mwanaanthropolojia" humaliza kazi.

Huenda ukauliza tofauti ya mwanaanthropolojia na mwanasosholojia ni ipi, ikiwa wote wanachunguza jamii. Jibu la darasani ni kwamba mmoja hukaa mahali pamoja muda mrefu, akala na kulala na wenyeji, na mwingine hukusanya majibu ya watu wengi na kuyahesabu. Jibu hilo si la uongo, lakini kwetu Afrika Mashariki halitoshi. Hapa majina haya mawili yana historia ya siasa.

Wakati wa ukoloni, serikali za Waingereza ziliwahitaji watu wa kuwaeleza mila za waliotawaliwa. Iringa, katika miaka ya 1930, mwanaanthropolojia Gordon Brown na afisa wa utawala Bruce Hutt walishirikiana kufanya utafiti juu ya Wahehe ili kuona elimu hiyo itasaidiaje utawala, na matokeo yakachapishwa mwaka 1935. Tanganyika hiyohiyo ilikuwa na Hans Cory, Mwaustria kwa kuzaliwa, aliyekusanya sheria za kimila za Wahaya na Wasukuma. Kazi yake, kwa kipimo chochote, ni ya anthropolojia. Cheo chake serikalini kilikuwa cha mwanasosholojia. Majalada yake yako katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Uhuru ulipokuja, neno anthropolojia lilinuka. Wasomi wetu wengi waliliona kama elimu ya kumtazama Mwafrika kama kitu cha makumbusho, huku elimu ya jamii za Ulaya ikipewa jina la heshima la sosholojia. Vyuo vingi vipya vya Afrika vikafungua idara za sosholojia na kuiacha anthropolojia mlangoni. Archie Mafeje wa Afrika Kusini, aliyeongoza idara ya sosholojia Dar es Salaam kuanzia 1969 hadi 1971, aliandika makala mashuhuri mwaka huo wa 1971 akipinga namna watafiti walivyolitumia "kabila" kueleza kila jambo la Mwafrika. Yeye mwenyewe alikuwa amesomea anthropolojia, na alikuwa anaukosoa mlango alioingilia. Leo Dar es Salaam majina yote mawili yamo katika idara moja, na vijana wanasoma yote bila mfadhaiko wa wazee wao. Lakini ukimfasiria msomi wa umri wangu, usibadilishe sosholojia kuwa anthropolojia kwa kudhani ni mamoja. Huenda alichagua neno lake kwa makusudi.

Wilaya unayoiandikia nayo ina historia yake katika jambo hili. Godfrey na Monica Wilson, mume na mke, walifanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa wa Rungwe kati ya 1934 na 1938, na Godfrey aliandika hasa juu ya desturi za mazishi. Mgeni wako anakuja kuuliza jambo ambalo babu za wenyeji wake waliulizwa miaka 90 iliyopita. Usishangae mzee mmoja akisema, "Hayo waliandika wazungu zamani, hamkusoma?" Mwambie mtafiti ajiandae kwa swali hilo, na ajibu kwa adabu.

Nimekaa kwenye majina ya fani. Sasa nakuomba unisikilize kwenye jambo ambalo kwangu ni zito zaidi. Barua yako haiendi chuoni. Inakwenda kwa watu watakaofungua mlango au kuufunga. Mwanaanthropolojia ni neno sahihi, na liandike, lakini peke yake halimwambii mama anayepepeta mchele nini kitatokea kesho asubuhi. Neno la kuanzia ni mtafiti. Hilo limekwisha kuenea vijijini kupitia kilimo, afya na sensa.

Mpelelezi usiliguse kabisa. Hilo ni la polisi na la majasusi, hata kama kamusi ya zamani inakuruhusu. Mchunguzi lina heshima yake. Taasisi ya Kiswahili pale Dar es Salaam, kwa miaka mingi hadi 2009, iliitwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, na hakuna aliyeogopa. Leo, hata hivyo, uchunguzi umehamia hospitalini na katika makosa ya jinai. Mtu akiambiwa anachunguzwa, anajiuliza ana ugonjwa gani au ameiba nini. Mwanazuoni ni neno tamu, lenye zuo ndani yake, yaani vyuo kwa lahaja za kaskazini, chuo kikiwa kitabu. Lakini pwani litamleta mawazoni shehe mwenye elimu ya dini. Liache huko linakoheshimika.

Na tahadhari na Daktari. Miaka mingi iliyopita nilifasiri utambulisho wa mtafiti mmoja mwenye shahada ya uzamivu, nikaandika "Daktari" mbele ya jina lake bila kufikiri zaidi. Siku ya kwanza kijijini, kabla hajafungua daftari, walikuwa wamepanga foleni akina mama na watoto wenye homa. Mmoja alikuwa ametembea tangu alfajiri. Uso wake alipoelezwa kwamba huyu daktari hatibu sijausahau. Tangu siku hiyo, barua ya kijijini naandika "msomi wa chuo kikuu" na cheo nakiacha kwenye nakala ya wilaya.

Hili ni jambo la usalama pia. Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino mkoani Dodoma, watafiti wawili kutoka kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, pamoja na dereva wao, waliuawa na wanakijiji waliodhani kwamba wamekuja kunyonya watu damu. Watatu hao walikuwa kazini. Sisemi kwamba neno moja lingewaokoa, maana hofu ya mumiani na chinjachinja ina mizizi mirefu katika nchi hizi, tangu ukoloni na huenda kabla yake. Nasema tu kwamba mgeni mwenye vifaa visivyoeleweka, anayeuliza mambo yasiyoeleweka, chini ya jina lisiloeleweka, anamwachia kila mtu nafasi ya kujaza maana yake mwenyewe. Kazi yako ya kufasiri ni kuipunguza nafasi hiyo.

Kwa hiyo tumia vitenzi. Sema atafanya nini: atakaa, atahudhuria, atauliza, ataandika, atarekodi sauti akiruhusiwa. Sema hatafanya nini: hatapima damu, hataandikisha ardhi, hana fedha za kugawa. Kazi yake ya kukaa na watu Tanzania tunaiita utafiti wa uwandani. Ukifasiria Wakenya, wao wamezoea nyanjani, na mwanafunzi wa sekondari kule atalielewa mara moja. Yule anayeulizwa ni mhojiwa au msailiwa, na anayesimulia kwa kirefu ni mtoa habari, ingawa mimi napenda "wenyeji wanaoshirikiana na mtafiti", hata kama ni refu, kwa sababu "mtoa habari" karibu na mtu wa serikali linaweza kusikika kama mchongezi.

Nikurudishe kwa mwanajamii, maana sitaki ufikiri kwamba neno hilo na mtafiti haviwezi kukaa kwa mtu mmoja. Jomo Kenyatta alisoma anthropolojia London katika miaka ya 1930 chini ya Bronisław Malinowski, na mwaka 1938 akachapisha kitabu juu ya Wagikuyu, watu wake mwenyewe. Alikuwa mwanajamii na mwanaanthropolojia kwa pamoja, na uzito wa kitabu kile unatoka hapo. Kabla yake kuna mtu ninayempenda zaidi, Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili, na maandishi yake ndiyo sehemu kubwa ya kitabu cha desturi za Waswahili kilichotolewa Göttingen mwaka 1903. Uzazi, malezi, jando, harusi, ngoma, pepo, safari na sheria, vyote aliviandika kwa Kiswahili cha mtu anayejua anachokisema. Jaladani lilikaa jina la Carl Velten, Mjerumani aliyekusanya maandishi hayo. Mtoro alifariki Berlin mwaka 1927.

Sijaona mahali Mtoro alipoitwa mwanaanthropolojia enzi za uhai wake. Aliitwa mwalimu, na alihesabiwa miongoni mwa watoa habari. Ukiniuliza leo, kazi aliyoifanya ni ethnografia, na bora kuliko nyingi zilizoandikwa na waliokuja na vyeo. Angalia pia neno alilolitumia yeye: desturi. Hakuhitaji Kigiriki. Kwa mwenyekiti wako wa Rungwe, "anayeandika habari za desturi" ni maneno yenye umri wa zaidi ya miaka 100 katika lugha hii, na yanaeleweka toka Lamu hadi Lubumbashi.

Basi barua yako iandike hivi, na ubadilishe panapohitajika:

"Tunawatambulisha kwenu watafiti watatu wa chuo kikuu. Wa kwanza ni mwanaanthropolojia, yaani msomi anayejifunza maisha na desturi za watu kwa kukaa nao. Ataishi kijijini miezi 10 na, kwa ruhusa ya wafiwa, atahudhuria misiba na kuandika namna inavyoendeshwa. Wa pili ni mwanasosholojia, anayetafiti hali ya jamii kwa kuuliza kaya nyingi maswali yaleyale. Atapita nyumba kwa nyumba, na asiyetaka kujibu hatalazimishwa. Wa tatu ni mwanaakiolojia, anayetafuta mabaki ya watu wa kale ardhini. Atachimba mahali patakapoonyeshwa na wazee, na atafukia kabla ya kuondoka. Hakuna atakayepima damu wala ardhi ya mtu."

Chini yake weka namba ya kibali cha utafiti, kile kinachotolewa na Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, na jina la mwenyeji atakayewapokea. Kisha mpelekee mwenyekiti rasimu hii mpya kabla haijapigwa mhuri, umsomee kwa sauti, na usikilize atakapokukatiza.